Je, sheria ilazimishe lebo kwenye vyakula vilivyotokana na uhandisi jeni?

Msomaji Makini (mleta mada)

Wanajukwaa, salaam. Naomba tulijadili jambo ambalo kila ninapolisoma naona pande mbili zikipishana bila kukutana. Upande mmoja unasema kwamba chakula chochote kilichotokana na mmea au mnyama aliyebadilishwa vinasaba lazima kiandikwe hivyo kwenye kifungashio, kwa kuwa mlaji ana haki ya kujua anachokula. Upande wa pili unasema kwamba vyakula hivyo vimekwisha kuchunguzwa na kuruhusiwa, na kwamba kuvibandika lebo kwa nguvu ya sheria ni kumtia mlaji hofu isiyo na msingi.

Ninachokiona ni kwamba wa kwanza anazungumzia haki, wa pili anajibu kwa usalama, na hakuna anayelijibu swali la mwenzake. Mtu anaweza kukubali kwamba chakula ni salama na bado akataka kujua kilivyopatikana. Mwingine anaweza kuiheshimu haki ya kujua na bado akasema si kila kinachoweza kujulikana kinastahili kulazimishwa na sheria, maana kifungashio kina nafasi ndogo na muda wa mnunuzi ni mdogo zaidi.

Sheria zenyewe hazinisaidii. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni mbili za mwaka 2003, unadai lebo na kusamehe tu mchanganyiko usiokusudiwa usiozidi asilimia 0.9 ya kiambato. Marekani, ambayo kwa muda mrefu ilikataa, ilipitisha sheria mwaka 2016 ambayo utekelezaji wake ukawa wa lazima tarehe 1 Januari 2022, nayo inavumilia hadi asilimia 5. Australia na New Zealand zinatumia asilimia 1. Brazili inatumia asilimia 1 pamoja na alama ya pembetatu yenye herufi T, na Japani asilimia 5, tena kwa viambato vitatu vikuu tu vya bidhaa. Ikiwa jambo hili ni la usalama, tofauti hizi hazielezeki, kwa kuwa mwili wa binadamu ni ule ule kila mahali; ikiwa si la usalama, basi ningependa kuelezwa ni la nini.

Swali langu ni hili: je, lebo ya lazima ni taarifa au ni onyo? Na kama ni taarifa, inapaswa kusema nini ili mtu aliyeisoma awe amejua jambo ambalo hakulijua kabla? Ningefurahi wachangie wenye uzoefu wa maabara, wa sheria na wa kilimo, na ningeomba tusituhumiane kwamba fulani amenunuliwa na makampuni au kwamba fulani anaichukia sayansi.

Mpima Nafaka

Ndugu mleta mada, nakushukuru kwa swali lililopangwa vizuri. Kazi yangu ni kupima vyakula maabara, kwa hiyo nitaanza na upande ambao watunga sheria huusahau mara nyingi, yaani kipi kinapimika na kipi hakipimiki.

Tunapochunguza sampuli, tunatafuta vipande vinavyojulikana vya DNA, yaani molekuli inayobeba vinasaba ndani ya kila kiumbe hai. Kinachotafutwa zaidi ni kipande kilichochukuliwa kutoka virusi vya mozaiki vya koliflawa, ambacho wataalamu wengi wa miaka ya mwanzo walikitumia ili kuiamsha jeni waliyoiingiza kwenye mmea. Kipande hicho hunakiliwa kwa mbinu ya PCR mara nyingi mno hadi kionekane. Mbinu hiyo ni nyeti kiasi kwamba mboga ya jamii ya kabichi iliyoambukizwa virusi hivyo shambani, bila kuguswa na mhandisi yeyote, inaweza kutoa jibu la kupotosha, na ndiyo maana kipimo cha kwanza hufuatiwa na kingine kinachotambua badiliko mahsusi. Hata hivyo, yote haya yanahitaji DNA iwepo kwenye sampuli. Unga unayo. Mafuta ya soya yaliyosafishwa kikamilifu hayanayo, au yamebaki na kiasi kisichopimika kwa uhakika. Sukari iliyotoka kwenye viazisukari vilivyobadilishwa ni sukrosi ile ile iliyomo kwenye viazisukari ambavyo havikubadilishwa, na hakuna mkemia atakayeweza kukuambia tofauti yake, kwa sababu tofauti haipo.

Hapo ndipo sheria ulizozitaja zinapoachana njia. Ulaya iliamua lebo ifuate asili: mafuta hayo yanaandikwa hata kama maabara haioni kitu, na ushahidi unakuwa ni nyaraka, ambazo kila anayepokea na kukabidhi mzigo anapaswa kuzitunza kwa miaka 5. Kanuni za Marekani zilizotolewa mwaka 2018 ziliamua lebo ifuate kinachopatikana ndani ya chakula, zikasamehe bidhaa zilizosafishwa hadi vinasaba vilivyobadilishwa visionekane. Hakuna kati ya njia hizo mbili iliyo ya kipumbavu. Ya kwanza inajibu swali «kimetoka wapi», ya pili inajibu swali «kina nini», na wengi wetu tunaposema tunataka kujua huwa hatujaamua tunauliza lipi.

Kuhusu usalama, naomba niwe mkweli kwa pande zote. Mwaka 2016 Akademia za Taifa za Sayansi za Marekani zilitoa ripoti iliyopitia zaidi ya machapisho 900, na kamati yake haikupata ushahidi thabiti kwamba vyakula vya uhandisi jeni vilivyokuwa sokoni vina hatari kubwa kwa afya kuliko vile vya uzalishaji wa kawaida. Hilo halimaanishi kwamba kila jeni inayoweza kuingizwa ni salama. Katika miaka ya 1990 kampuni moja ya mbegu iliingiza kwenye soya protini kutoka kwa njugu za Brazili ili kuboresha lishe ya mifugo, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 1996 ukaonyesha kwamba watu wenye mzio wa njugu hizo wangeweza kudhurika na soya hiyo. Haikuingizwa sokoni. Mwaka 2000 mahindi yaliyoitwa StarLink, ambayo yalikuwa yameruhusiwa kwa chakula cha mifugo pekee kwa sababu protini yake ilichelewa kumeng'enywa na hivyo ilishukiwa kuweza kuleta mzio, yalikutwa kwenye vyakula vya watu nchini Marekani, na mamia ya bidhaa yakaondolewa madukani. Watu waliodhani wamedhurika walichunguzwa, na vipimo havikuonyesha kwamba protini hiyo ndiyo iliyowadhuru.

Sasa angalieni mifano hiyo miwili kwa makini. Lebo yenye maneno «kimetokana na uhandisi jeni» isingemsaidia mtu mwenye mzio wa njugu, kwa kuwa anachohitaji ni kuambiwa kwamba humo mna protini ya njugu, na wajibu wa kuandika vitu vinavyoleta mzio upo tayari bila kujali mbinu iliyotumika. Nayo StarLink ilikuwa imekatazwa kabisa kwa watu, kwa hiyo tatizo lilikuwa udhibiti wa maghala. Kitu chenye hatari huondolewa sokoni au huandikwa hatari yake kwa jina. Lebo inayotaja mbinu peke yake inaacha pengo, na msomaji atalijaza kwa hofu. Mwanzoni mwa mwaka 2015, uchunguzi wa maoni uliofanywa na Chuo Kikuu cha Jimbo la Oklahoma ulikuta kwamba takriban asilimia 80 ya waliohojiwa waliunga mkono lebo ya lazima kwa chakula chochote chenye DNA, jambo ambalo lingehusu karibu kila mboga na kila kipande cha nyama. Siwalaumu waliojibu hivyo. Waliulizwa kama wangependa kuonywa kuhusu kitu chenye jina la kimaabara, wakasema ndiyo, na ndivyo binadamu yeyote mwenye tahadhari angejibu.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana: sheria isilazimishe lebo ya mbinu. Anayetaka kuepuka atumie bidhaa zilizothibitishwa kwa hiari kuwa hazina uhandisi jeni, au zile za kilimo hai, ambazo viwango vyake tayari vinaukataa.

Wakili wa Walaji

Ndugu Mpima Nafaka, nimeusoma mchango wako kwa heshima kubwa, hasa ulipotenganisha swali la asili na swali la kilichomo. Lakini umelijibu swali la pili, kisha ukalifunga la kwanza kana kwamba nalo limejibiwa.

Sheria za chakula zimejaa taarifa ambazo hazihusu hatari kabisa. Nchi nyingi zinalazimisha kuandika bidhaa ilikotoka. Zinalazimisha kuandika kwamba juisi imetengenezwa kutoka juisi iliyokolezwa, kwamba samaki amefugwa au amevuliwa, kwamba kuku aliyetaga yai alikaa kizimbani au alitembea. Hakuna maabara itakayoliweka yai chini ya darubini na kuona kizimba, na hakuna anayedai kwamba yai la kizimbani ni sumu. Tunakubali taarifa hizo kwa sababu kununua ni kushiriki: fedha ya mlaji inaunga mkono namna fulani ya kuzalisha, na mwenye kutoa fedha anastahili kujua anaunga mkono nini. Mtu anaweza kuukataa uhandisi jeni kwa imani ya dini yake, au kwa kuwa hapendi mbegu zenye hataza mikononi mwa makampuni machache, au kwa kuhofia bayoanuwai. Unaweza kuziona sababu hizo kuwa dhaifu, lakini ni zake, na hazikanushwi na ripoti ya usalama hata ikiwa na kurasa elfu. Ripoti uliyoitaja yenyewe, ingawa ilisema kwamba lebo ya lazima haihitajiki kwa ajili ya kulinda afya ya umma, ilitambua kwamba suala hili linabeba maamuzi ya kijamii na kiuchumi yaliyo nje ya tathmini ya kitaalamu ya usalama.

Nakiri kwamba mahakama hazikubali hoja hii kirahisi. Mwaka 1996 mahakama ya rufaa ya Marekani iliizuia sheria ya jimbo la Vermont iliyowataka wauzaji kuonyesha maziwa ya ng'ombe waliodungwa homoni ya kuongeza maziwa iliyotengenezwa kwa uhandisi jeni, ikasema kwamba udadisi wa walaji peke yake hautoshi kuwa sababu ya serikali kumlazimisha mtu kusema asichotaka kusema. Hukumu hiyo ina uzito. Lakini iliamua mipaka ya serikali ndani ya katiba moja, haikuamua kwamba udadisi huo ni batili, na katika ngazi ya kimataifa mwelekeo ulikuwa mwingine: Tume ya Codex Alimentarius, inayoweka viwango vya kimataifa vya chakula, baada ya mabishano ya karibu miongo miwili, ilikubaliana mwaka 2011 kuhusu mwongozo unaoziachia nchi nafasi ya kuchagua namna zao za kuweka lebo.

Kuhusu hofu, tuna zaidi ya dhana. Jimbo lile lile la Vermont lilipitisha mwaka 2014 sheria ya lebo ya lazima kwa vyakula vya uhandisi jeni, ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 2016, na kabla mwezi haujaisha ikafutwa na sheria ya taifa zima. Kipindi hicho kifupi kiliwapa watafiti nafasi adimu ya kulinganisha maoni ya wakazi wa huko na ya wengine nchini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba baada ya lebo kuonekana madukani, upinzani dhidi ya vyakula hivyo ulipungua kwa asilimia 19 ukilinganishwa na kwingineko. Mmoja wa watafiti hao wawili alikuwa amewahi kuamini kwamba lebo ingeongeza hofu. Naona sababu yake kuwa nyepesi kueleweka: mtu anayenyimwa taarifa huuliza kwa nini inafichwa, na swali hilo hutisha kuliko maneno matano yaliyochapwa chini ya orodha ya viambato.

Na ushahidi wa zamani zaidi upo. Mwaka 1996 maduka ya Uingereza yalianza kuuza rojo ya nyanya iliyobadilishwa vinasaba, kopo limeandikwa wazi bila sheria kulazimisha, bei yake ikiwa nafuu kuliko ya rojo nyingine. Ilinunuliwa sana. Ilikuja kuporomoka na kuondolewa mwaka 1999, baada ya mabishano makali yaliyozuka nchini humo mwaka 1998, wakati lebo ilikuwa ile ile tangu mwanzo. Lebo haikuwatisha watu. Kilichowatisha ni kuhisi kwamba soya na mahindi vya namna hiyo vilikuwa vimeingizwa kwenye vyakula vyao vingine bila wao kuambiwa.

Umependekeza njia ya hiari. Njia hiyo inaugeuza mzigo: anayezalisha kama ilivyokuwa siku zote ndiye anayelipia vipimo na vyeti, na aliyebadilisha hasemi kitu. Tena inaleta upotoshaji wake, kwa kuwa siku hizi hata chumvi, ambayo haina jeni yoyote, huuzwa ikiwa imeandikwa kwamba haina uhandisi jeni.

Ninachokikataa kabisa ni lebo ya kujificha. Sheria ya Marekani iliruhusu mtengenezaji aweke msimbo wa kuchanganua kwa simu badala ya maneno. Uchunguzi ulioagizwa na serikali yenyewe ulionyesha kwamba wanunuzi wengi wangekwama, ama kwa kutojua msimbo huo ni wa nini ama kwa matatizo ya kiufundi, na mwaka 2022 mahakama iliamua kwamba wizara ya kilimo ilikosea katika namna ilivyoshughulikia tatizo hilo. Taarifa inayohitaji simu yenye chaji, mtandao na subira, mbele ya rafu, na mtoto amekushika mkono, haijatolewa.

Bwanashamba Mstaafu

Wakubwa zangu wawili mmezungumza vizuri, lakini mnabishana kama uandikwe au usiandikwe mstari ambao mimi, kama mtu wa mazao, nauona haujasema kitu. Uhandisi jeni ni njia ya kuingiza sifa fulani. Shamba, mazingira na mlaji hukutana na sifa hiyo.

Chukueni mifano mitatu. Upo mmea uliowekewa jeni ya bakteria aitwaye Bacillus thuringiensis, unaojitengenezea protini ya kuua viwavi fulani wanaoutafuna, na mara nyingi mkulima wake hupunguza kunyunyizia viuatilifu. Bakteria huyo huyo hunyunyiziwa mashambani na wakulima wa kilimo hai. Upo mmea, kama soya, uliowekewa jeni ya kustahimili glifosati, dawa ya kuua magugu. Huo hukaribisha unyunyiziaji wa dawa hiyo, na matumizi ya kupindukia yamezaa magugu sugu. Dawa yenyewe ina ubishi wake, kwani mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) liliiweka kwenye kundi la vitu vyenye uwezekano wa kusababisha saratani kwa binadamu, na mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya mwaka huo huo ikasema kwamba uwezekano huo ni mdogo. Kisha upo mpapai uliowekewa kipande cha virusi vya madoa-duara ili uvipinge virusi hivyo, ambao ulianza kulimwa Hawaii mwaka 1998 na kuliokoa zao lililokuwa linateketea. Mambo matatu yenye athari tatu tofauti kabisa, na lebo tunayoigombania ingeyapa neno moja.

Upande wa pili, lebo hiyo ingenyamazia mambo yanayofanana. Ipo ngano inayostahimili dawa ya kuua magugu ambayo ilipatikana kwa kuziathiri mbegu kwa kemikali hadi vinasaba vyake vikabadilika ovyo, kisha ikachaguliwa mimea iliyosalimika. Aina za mazao zaidi ya 3,000 zilizosajiliwa kwenye hifadhidata ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki zilipatikana kwa mionzi au kemikali namna hiyo, yakiwemo mabalungi mekundu yanayopendwa sana, na sheria za lebo haziyagusi. Anayeogopa mabadiliko yasiyotabirika ya vinasaba angekuwa na sababu zaidi ya kuuliza kuhusu hayo. Anayejali dawa za magugu angetaka kuambiwa kuhusu ngano hiyo na soya ile kwa pamoja.

Mimi naunga mkono lebo ya lazima, kwa sharti moja: itaje sifa na kusudi lake. «Soya iliyobadilishwa ili istahimili dawa ya magugu.» «Papai lililobadilishwa ili lisishambuliwe na virusi.» Maneno hayo hayazidi mstari mmoja. Mwenye hoja ya mazingira atayatumia, mwenye hoja ya dini atauliza jeni imetoka kwa kiumbe gani na atakuwa na pa kuanzia, na asiyejali atapita. Wakili ametuambia kwamba anayenunua anashiriki. Basi aambiwe anashiriki katika nini hasa.

Msomaji Makini (mleta mada)

Nawashukuru sana. Mchango wa Bwanashamba umenigusa zaidi, kwa sababu ndilo swali nililokuwa nalitafutia maneno. Yamebaki mambo mawili. Kwanza, nyama, maziwa na mayai ya mifugo iliyolishwa mahindi na soya ya uhandisi jeni vinawekwa wapi? Pili, pendekezo la kutaja sifa linatekelezeka kweli pale shehena za mashamba mengi zinapochanganywa?

Mkaguzi wa Shehena

Nimefanya kazi ya ununuzi na ukaguzi wa malighafi za viwanda vya chakula kwa muda mrefu, kwa hiyo nijibu hayo mawili.

Kuhusu mifugo, hata sheria kali ya Ulaya haitaki lebo kwenye nyama, maziwa wala mayai ya wanyama waliolishwa nafaka hizo, ingawa mfuko wa chakula cha mifugo wenyewe lazima uandikwe. Sheria ya Marekani nayo inasema wazi kwamba mnyama hahesabiwi kuwa wa uhandisi jeni kwa sababu tu ya alichokula. Ni hivyo hivyo kwa vimeng'enya vinavyosaidia kutengeneza chakula. Jibini nyingi leo hugandishwa kwa kimeng'enya kinachozalishwa na vijidudu vilivyobadilishwa vinasaba, ambacho Marekani ilikiruhusu mwaka 1990, kikachukua nafasi ya kile kilichokuwa kikitolewa tumboni mwa ndama wachanga. Jibini hiyo haina lebo hata Ulaya, kwa kuwa sheria inatofautisha kilichotokana *na* kiumbe kilichobadilishwa na kilichotengenezwa kwa *msaada* wake. Naona ni mpaka wa kisiasa zaidi kuliko wa kimantiki. Sehemu kubwa sana ya mahindi na soya ya uhandisi jeni duniani huliwa na mifugo, na mlaji wa Ulaya anayedhani kwamba lebo inamtenga na kilimo hicho hajaambiwa ukweli wote.

Kuhusu shehena, gharama ya lebo haiko kwenye wino. Iko kwenye kutenganisha. Mbegu ikitoka ghalani inapita kwenye mashine ya kuvunia, lori, ghala la kijiji, ghala la bandari, meli, kinu na mitambo ya kiwanda, na kila hatua ina mabaki ya mzigo uliotangulia. Kadiri kiwango kinachovumiliwa kinavyokuwa kidogo ndivyo usafishaji na vipimo vinavyoongezeka, na ukitaka sifuri kamili unataka kitu ambacho biashara ya nafaka kwa wingi haiwezi kukitoa. Hizo asilimia 0.9 na 1 na 5 alizozitaja mleta mada ni mapatano kuhusu gharama ya usafi. Hazikutokana na kipimo chochote cha madhara.

Lakini lebo rahisi ya «kimetokana na uhandisi jeni» haimlazimishi anayeikubali atenganishe chochote. Ananunua mchanganyiko na kuuandika hivyo. Anayegharamika ni anayetaka kuikwepa. Kilichotokea Ulaya ni kwamba watengenezaji na wauzaji wakubwa, kwa kuogopa lebo, walibadilisha viambato vyao, hivyo bidhaa zenye lebo hiyo kwenye rafu zikawa chache sana. Mlaji alipewa haki ya kuchagua, kisha wengine wakachagua kwa niaba yake.

Pendekezo la Bwanashamba lingetutaka tutenganishe sifa kwa sifa, na hilo kwa soya na mahindi ya kusafirishwa kwa meli ni gumu, hasa kwa kuwa mbegu nyingi za sasa zimebeba sifa mbili au zaidi kwa pamoja, kama kuua viwavi na kustahimili dawa. Kwa tunda linalouzwa zima ni rahisi. Japani ilipoiruhusu mwaka 2011 papai ya Hawaii iliyobadilishwa, iliitaka iandikwe, na papai haichanganywi kwenye kinu.

Wakili wa Walaji

Nimeupokea ushahidi wa Mkaguzi, na nauona unalisogeza pendekezo la Bwanashamba mahali linapoweza kusimama. Kwa vyakula vizima, sifa itajwe kwa maneno. Kwa mchanganyiko wa nafaka, orodha ya viambato iseme «soya ya uhandisi jeni», na sifa zote zilizoruhusiwa katika soya ya soko hilo ziwekwe kwenye daftari la umma analoweza kulifungua yeyote anayetaka kujua zaidi. Hapo ndipo msimbo wa simu unapofaa, kama nyongeza juu ya maneno. Mahali pa lebo pawe ndani ya orodha ya viambato, kwa herufi zilezile. Pembetatu ya njano ya Brazili sikubaliani nayo, kwa sababu inafanana na alama za hatari za barabarani na viwandani, na hapo taarifa imekwisha kugeuka onyo. Nadhani hilo ndilo lililokuwa swali la kwanza la mleta mada.

Kinachonisumbua zaidi ni uhariri wa jeni, ambao hatujaugusa. Mbinu hiyo inaweza kubadilisha herufi chache tu za DNA ya mmea bila kuacha jeni ya kiumbe kingine ndani yake, na badiliko kama hilo lingeweza pia kutokea lenyewe shambani. Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua mwaka 2018 kwamba mimea ya namna hiyo ihesabiwe pamoja na ile ya uhandisi jeni, na mwaka 2023 Kamisheni ya Ulaya ikapendekeza kwamba ile inayolingana na mimea ya kawaida isiwe na lebo kwenye chakula, bali kwenye mbegu tu. Ndugu Mpima Nafaka, je, maabara yako inaweza kuitambua?

Mpima Nafaka

Kwa kawaida hapana, Wakili, isipokuwa mtengenezaji atuambie mapema badiliko liko wapi. Na hata tukiliona, hatuwezi kuthibitisha kwamba limetokana na mkono wa mtu. Hapo lebo ya lazima itategemea nyaraka peke yake, kuanzia kwa mzalishaji wa mbegu hadi kiwandani.

Bado sikubali kwamba mbinu peke yake inastahili kuandikwa. Lakini nikiulizwa kati ya pembetatu ya njano na mstari unaotaja sifa, nitauchagua mstari, kwa kuwa angalau mtu akija kuniuliza unamaanisha nini nitakuwa na jibu la kumpa. Na kwa mimea iliyohaririwa, pendekezo la kuandika kwenye mfuko wa mbegu ndilo ninaloliona linawezekana: mkulima ajue anachopanda, kumbukumbu ianzie hapo, na msindikaji anayetaka kumwandikia mlaji awe na karatasi ya kuegemea. Kumbukumbu isipoanzia kwenye mbegu, sisi wa maabara hatutaweza kuirudisha baadaye.